Mama hajawa mbishi, mkeka unafumuka

Salamu zetu ndo zilimficha mama. Waswahili tunaweza kusalimiana dakika tano nzima bila mtu kusema chochote. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, watoto wazima, wazima wanakusalimia, na mwenzio, hajambo, na mvua huko, alhamdulillahi tunashukuru. Kila Ijumaa kaka yangu mkubwa anapiga simu kutoka Muscat, wanaipita hiyo ngoma yote mwanzo mpaka mwisho na mama hakosei hata sehemu moja, alaf kaka anakata simu anaingia kwenye grupu la familia anatupia voisi, "jamani mbona mama yuko vizuri tu, nyie huko mnamzushia mzee wa watu maradhi". Na mimi muda huo nimekaa nae mkekani, simu hata haijapoa mkononi kwake, ananigeukia ananiuliza, "Kwani alokuwa anaongea ni nani?"

Tulibishana kwenye hilo grupu karibu mwaka mzima. Kaka hakuwa muongo na mimi sikuwa muongo, tulikuwa tunamuangalia mtu mmoja kila mtu kashika ncha yake. Ukielewa inakuwaje mtu aweze salamu yote ile alaf asijue kasalimiana na nani, umeshaelewa sehemu kubwa ya anachoumwa mama, demensia, kwahiyo ngoja nianzie hapo.

Kwanza neno lenyewe. Demensia sio jina la ugonjwa mmoja, ni kama tunavosema homa. Mtu akikwambia ana homa hujajua anaumwa nini, inaweza kuwa malaria, taifodi, kidonda kimeingia vijidudu, chochote. Demensia nayo ni hivo hivo, ni jina la hali: kumbukumbu, kufikiri, kupanga mambo, lugha, vinaharibika taratibu mpaka mtu anashindwa maisha yake ya kila siku. Nyuma ya hiyo hali kuna magonjwa mbali mbali. Kubwa lao ni Alzheimer, Shirika la Afya Duniani linasema ndo chanzo cha asilimia 60 mpaka 70 ya kesi zote. Kuna ya mishipa ya damu, hii inatokana na viharusi, vikubwa au vile vidogo vidogo ambavo hata mwenyewe havijui. Kuna inayoitwa ya Lewy, ambayo mtu anaona vitu visivyokuwepo na mwili unakakamaa, na kuna ya sehemu ya mbele ya ubongo ambayo inaanza na tabia kabla ya kumbukumbu, mtu mstaarabu ghafla anaanza matusi. Na wazee wengi wanakuwa na mbili kwa pamoja. Kwa mama yangu, dokta alisema ni mchanganyiko, Alzheimer na mishipa, manake presha alikaa nayo miaka mingi na dawa alikuwa anakunywa siku kichwa kikimuuma tu, kama panado.

Hilo jina Alzheimer ni la daktari wa Kijerumani. Mwaka 1901 hospitali moja ya Frankfurt ilimpokea mama wa miaka 51 anaitwa Auguste Deter, Alois Alzheimer akawa anamfuatilia, na yule mama alipofariki 1906 akauchunguza ubongo wake kwa darubini akakuta takataka za protini zimejikusanya nje ya seli na nyuzi zimejisokota ndani yake. Sa kitu kilichonishika mimi kwenye hiyo stori sio nyuzi. Ni kwamba mume wake alipomleta, jambo la mwanzo aliloliona kwa mkewe halikuwa kusahau. Ulikuwa wivu. Mama wa watu alianza kumtuhumu mumewe mambo ambayo hayapo. Ningeisoma hii miaka mitatu nyuma ningeokoa vingi ndani ya nyumba yangu, nitafika huko.

Mama yangu ni mtu wa Pangani, kasuka ukili tangu hajavunja ungo. Kwa wasiojua, ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa, ukishapata pima za kutosha unaushona unakuwa mkeka. Na kila msukaji anajua kwamba ukiuacha ukili bila kuufunga unafumuka, ila haufumuki kokote kokote, unaanza pale mkono ulipoishia. Ulichosuka jana kinaachia kwanza, ulichosuka mwezi uliopita bado kimekaza, na ule mwanzo kabisa uliosuka bado msichana, huo ndo wa mwisho kuachia.

Alzheimer inamfumua mtu hivo hivo. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna visehemu viwili vidogo, kimoja kila upande, vinaitwa hipokampasi, kwa Kigiriki ni jina la yule farasi wa baharini kwa sababu ya umbo. Kazi yake ni kuyachukua ya leo na kuyasukia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Na huu ugonjwa mara nyingi unaanza kuharibu maeneo hayo hayo. Kwahiyo kinachotokea mwanzoni sio kwamba mama anasahau alichokula mchana, hicho chakula hakikusukwa kabisa, hakuna cha kukumbuka. Ila harusi yake anaikumbuka, mpaka rangi ya khanga. Alaf ugonjwa ukiendelea ndo unaanza kurudi nyuma, miaka ya karibuni inaondoka, wajukuu wanaondoka kabla ya watoto, kifo cha mume kinaondoka kabla ya mume mwenyewe. Salamu je? Salamu ni ukili wa kwanza kabisa, umesukwa na kukanyagwa maisha mazima, unajisema wenyewe. Ndo maana kaka wa Muscat alikuwa anaongea na mama mzima kabisa kila Ijumaa.

Ukishakuwa na hiyo picha kichwani, vituko vingi vinaacha kuwa vituko.

Chukua kuuliza mara kumi. "Leo siku gani?" Jumanne mama. Dakika mbili, "leo siku gani?" Mi nilikuwa najibu ya kwanza vizuri, ya tatu kwa kifupi, ya sita nafoka, "si nimeshakwambia!" Kumbe kwake hiyo ya sita ndo ya kwanza. Anachopata yeye ni mtoto ambae kaulizwa swali la heshima akamkemea mama yake. Na sisi tumelelewa kwamba mzazi haambiwi hata "ah".

Chukua sasa tuhuma za wizi, hapa ndo nyumba nyingi zinavunjika. Mama alikuwa na doti ya khanga mpya na shilingi elfu arobaini, zikapotea. Akasema kachukua mke wangu. Hakusema kwa hasira, alinivuta pembeni akaninong'oneza kabisa, "mwanangu, mimi sitaki ugomvi, ila huyu mwenzio mkono wake mrefu." Na mimi, bwana mkubwa, nikaenda kumuuliza mke wangu kwa ile sauti ya "mi nauliza tu". Mwanamke ambae ndo anamfulia mama, anamkanda miguu, anaamka nae saa nane usiku. Hakunijibu, alilala chumba cha watoto siku nne. Wiki ya tatu nikazikuta khanga na hela, vimefungwa vizuri kwenye kitambaa, chini ya kikapu cha ukindu wa mama mwenyewe.

Ufafanuzi wake ni mwepesi hata unatia uchungu. Mtu mwenye demensia anajua kwamba vitu vyake vinapotea, hiyo hofu anaihisi kabisa, kwahiyo anavificha. Kitendo cha kuficha hakikusukwa, kimeachia saa ile ile. Anarudi, kitu hakipo. Ubongo hauwezi kukaa na tundu, unalijaza na stori inayoingia akilini, na stori inayoingia akilini ni kwamba kuna mtu kachukua, na mtu wa karibu ni yule anaeingia chumbani kila siku kutandika kitanda. Ndo maana anaetuhumiwa karibu kila mara ni yule anaefanya kazi, wala sio yule wa Muscat. Sa hivi tunanunua vitu viwili viwili, mtandio ule ule, kikoba kile kile, na kikipotea tunatafuta pamoja nae hatubishani. Nilishamuomba mke wangu radhi, mara mbili, ya kwanza haikukubaliwa.

Alaf kuna "nataka kwenda kwetu". Inaanza kila siku jua likielekea kuzama. Mama anakunja khanga zake, anafunga kifurushi, anakaa mlangoni, anasema kwao wanamsubiri. Mwanzo nilidhani kachoka na Dar, nikaomba ruhusa kazini nikampeleka Pangani mpaka kwenye nyumba aliyotuzalia wote sita. Tukafika mchana, akazunguka uani, akafurahi, akanywa maji ya dafu. Magharibi kafunga kifurushi. "Haya sasa, twende kwetu."

Pale ndo nilielewa kwamba kwao sio mahali. Kwao ni wakati, ni pale mama yake yupo jikoni na yeye ana miaka tisa na hakuna kinachomchanganya. Sasa kwanini jioni? Kuna sababu kadhaa zinakutana. Sehemu ya ubongo inayoendesha saa ya mwili, ile inayokwambia sasa usiku sasa mchana, nayo inaharibiwa na ugonjwa. Mtu kachoka, siku nzima amekuwa akijitahidi kuelewa vitu ambavo wengine mnavielewa bila jasho. Mwanga unafifia, vivuli vinarefuka, koti lililotundikwa linakuwa mtu. Na majumbani kwetu ndo saa ya vurugu, watoto wanarudi, tivii inapiga kelele, vyombo vinagongana, adhana, umeme unakatika. Tulichofanya ni vitu vidogo, tunawasha taa mapema kabla giza halijaingia, tivii inazimwa, na akishafunga kifurushi simwambii "hapa ndo kwako", nikimwambia hivo ndo nimewasha moto. Nasema haya mama twende, namtafutia viatu, tunatoka mpaka genge la kona tunanunua karanga, tunarudi. Akifika getini mara nyingi anasema "alhamdulillah tumefika".

Kuna watu wananiambia huko ni kumdanganya mzazi. Nimelifikiria sana hili. Baba alifariki 2009, alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge, na kuna kipindi mama alikuwa anamsubiri arudi na mshahara. Mara ya kwanza nikasema ukweli, mama, baba alishafariki. Alilia kama msiba ni wa asubuhi ile, na kwake ulikuwa wa asubuhi ile. Kesho yake kauliza tena. Sa nimuue baba kila siku? Sa hivi namuuliza tu, "kwani mzee alikuwa anapenda kula nini akirudi?" na hapo anaanza stori ya samaki wa kupaka, nusu saa, kashasahau kusubiri. Sijasema yupo, sijasema hayupo.

Na hili la hisia lina ushahidi. Chuo kikuu cha Iowa huko Marekani mwaka 2014 walichukua watu 17 wenye Alzheimer wakawaonyesha vipande vya filamu, vya huzuni kisha vya furaha. Baada ya dakika chache wengi hawakuwa na kumbukumbu ya maana ya walichokiona. Ila huzuni ilibaki, na furaha nayo ilibaki. Kwahiyo ukimfokea mama asubuhi, atasahau ulichosema, hatosahau kwamba roho imemuuma, atashinda na huo uzito mchana kutwa bila kujua umetoka wapi na wewe utasema "leo mama kaamka vibaya". Na kinyume chake pia.

Mikono nayo ina kumbukumbu yake, imewekwa sehemu nyingine za ubongo zinazochelewa kuguswa. Mama jina langu linakuja na kuondoka, mara ananiita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani, ila mpe ukindu. Vidole vinaenda vyenyewe, unapinda, unapachika mpya ikiisha, macho hata hayaangalii. Juzi alinikamata mkono akaniambia, "wewe kijana unalegeza, ukili wako hautakaza." Hakunijua mimi nani lakini alijua nasuka vibaya.

Sasa turudi kwenye lile neno la kila mtu: "ni uzee tu". Nililisikia kwa majirani, nikalisikia kwa ndugu, na nililisikia kwa mtaalamu wa afya kwenye kituo ambacho sikitaji, hata hakuinua macho kwenye karatasi, mama ana miaka 74 unategemea nini. Haya. Kuna utafiti ulifanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, vijijini. Wenye demensia walikuwa kama asilimia 6.4. Nigeuze hiyo hesabu: katika wazee mia wa Hai waliovuka sabini, zaidi ya tisini hawana. Kama ingekuwa ni uzee tu wangekuwa nayo wote. Uzee unapunguza kasi, jina la mtu linachelewa linakuja jioni ukiwa unaoga. Mama mzee akisahau alipoiweka mbuzi ya nazi, huo ni uzee, hata mimi nasahau. Mama akikaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, nusu imeshavunjwa, na hajui kinachofuata ni nini, huo sio uzee. Siku niliyomuona mama vile ndo siku niliacha kubishana na kaka.

Watafiti wa Hai ndo hao hao pia walitengeneza kipimo ambacho hakihitaji mtu awe amesoma, manake vipimo vingi vya wazungu vinataka mtu aandike, achore saa, na bibi ambae hakukaa darasani hata siku moja anaonekana mgonjwa kumbe hajui kalamu tu. Kipimo chao kinamuuliza mzee daraja ni kitu gani, ataje wanyama, ashike orodha ya maneno, na kwenye kuchora wakaweka njiti za kiberiti, unapanga mchoro na yeye anapanga kama wako. Mi nakipenda kwa kuwa kinaheshimu mtu alivyo.

Kingine ambacho "ni uzee tu" kinaua ni yale yanayotibika. Kuna vitu vinafanana na demensia na sio demensia: tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende ya muda mrefu, VVU, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka bafuni wiki tatu zilizopita. Ndo maana dokta mzuri anaanza na vipimo vya damu na ikiwezekana skani, hakuna kipimo kimoja cha kusema hii demensia moja kwa moja, wanaondoa vingine kwanza.

Na kuna deliriamu, hii naomba uisome taratibu. Demensia inakuja kwa miezi na miaka. Deliriamu inakuja kwa masaa au siku, ghafla, mtu anaweweseka, analala mchana usiku hafungi jicho, anaona watu, kidogo yuko sawa kidogo hayupo. Mama ilimkuta. Akawa anasema amefunga, hataki maji wala chai, na Ramadhani ilikuwa imeshapita miezi mitatu. Sisi tukabembeleza tukachoka. Siku ya tano anaongea na watu ukutani, anavua nguo, anatetemeka. Muuza duka la dawa akatupa Piriton, "itamlaza hiyo". Haikumlaza, ilimzidisha. Mama mdogo akaja na mganga. Kumbe ni U.T.I., mkojo umejaa bakteria kwa ajili ya kukaa bila maji, antibaiotiki siku saba na maji ya kutosha, mama karudi pale alipokuwa mwanzo. Hajapona demensia, ila yule wa ukutani kaondoka. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu usiseme ugonjwa umepanda, mpeleke wapime mkojo, malaria, sukari, mapafu.

Hiyo Piriton yenyewe ina kisa. Inazuia kemikali ya ubongo inaitwa asetilikolini, na hiyo kemikali ndo Alzheimer inaimaliza, na dawa kama donepezili zinafanya kazi kwa kujaribu kuibakiza. Kwahiyo mkono huu unajaza ndoo, mkono huu unaitoboa. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu, nayo iko kundi hilo. Na kama mzee wako anaona watoto au wanyama ambao hawapo, kwa uwazi kabisa, huku mwili unakakamaa na siku nyingine yuko safi kabisa, mtajie dokta neno Lewy kabla hajaandika haloperidoli, dawa ya kutuliza mtu anaeona visivyokuwepo, manake watu wa aina hiyo wanaweza kudhurika vibaya mno na dawa za namna hiyo, mpaka kufa.

Yule mganga alisema kuna mtu ndani ya nyumba. Hakutaja jina, ila alimuangalia mke wangu. Mimi na kisomo sina ugomvi, shekhe wa mtaani anakuja, anasoma Yasini, mama anasoma nae neno kwa neno na anatulia kuliko kidonge chochote, ule nao ukili wa kwanza. Ila "kuna mtu ndani ya nyumba" ni maneno ya hatari, na mara nyingine kidole kinamgeukia mgonjwa mwenyewe. Usukumani bibi vizee wameuawa miaka na miaka kwa macho mekundu, macho ambayo wameyapata kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Kilifi huko Kenya kuna wazee wanapaka mvi rangi nyeusi wasije wakaitwa wachawi. Sasa fikiria bibi mwenye demensia, katoka saa nane usiku hana nguo, kasimama uani kwa jirani anaongea peke yake. Mimi nilizunguka kwa mjumbe, kwa vijana wa bodaboda, kwa mama ntilie, nikawaambia wazi mama anaumwa ubongo, mkimuona mshikeni mkono mniite. Namba yangu mke wangu kaishonea kwenye pindo la khanga zake zote. Ndugu walisema nawaanika. Wale niliowaambia walimrudisha mara mbili.

Hela. Mama alikuwa na kitochi chake na laini ya pesa, akapata zile meseji za "ile hela tuma kwa namba hii", akatuma, akasahau, akatuma tena. Baadae akatokea mtu na karatasi ya shamba la minazi kule Pangani, inataka dole gumba tu. Tulimuwahi kwa bahati. Mambo ya shamba, wosia, nani asimamie akaunti, yanafanywa na mwanasheria mapema, wakati mzee bado anaelewa anachosaini na anaweza kusema anachotaka, ukichelewa ndo kesi za ndugu zinazaliwa hapo. Sisi tulichelewa, nusu ya mambo bado yananing'inia.

Kuhusu dawa sitaki kumpa mtu matumaini ya uongo. Donepezili, rivastigmini, memantini, zinasaidia baadhi ya watu kwa kiasi na kwa muda, haziponyi. Zile mpya za kusafisha protini kwenye ubongo, lekanemabu iliyopitishwa Marekani 2023 na donanemabu 2024, ni za wale walio mwanzoni kabisa, zinapunguza kasi kidogo, zinataka dripu na skani za mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo. Kwa mama wa Pangani hizo ni habari za redioni. Kinachotuhusu zaidi ni upande wa pili, wataalamu wa jarida la Lancet mwaka 2024 walihesabu mambo 14, na wakasema yote yangedhibitiwa karibu asilimia 45 ya kesi zingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Presha imo, kisukari, sigara, kukosa shule utotoni, upweke, na masikio yasiyosikia. Mi tangu nisome hiyo nameza dawa zangu za presha saa ile ile kila siku, sio siku kichwa kikiuma.

Bado kuna jambo la nani anafanya. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya masaa ya kuhudumia watu wa demensia yanatolewa na wanawake. Kwangu ni zaidi. Kaka anatuma hela, na hela inasaidia kweli, pampasi za watu wazima sio mchezo. Mimi ni mtoto wa kiume, kumuogesha mama ni stara, siwezi na yeye hataki, kwahiyo ni mke wangu na binti wa dada. Wao ndo waligundua kwamba mama hakatai kuoga, anaogopa, haoni vizuri kina cha beseni, maji yanamwagika kichwani ghafla na mtu asiyemjua anamvua nguo. Sa hivi anaoga akiwa kajifunga khanga, maji ya vuguvugu, kopo anashika mwenyewe, wanaanzia miguuni. Hilo hakuna dokta alituambia. Jumamosi na Jumapili nakaa mimi na mama, mke wangu anaenda kwao au anaenda kokote, simuulizi. Ilichukua muda mrefu mno mpaka nifikirie hilo.

Kaka alikuja likizo mwaka jana. Siku ya kwanza salamu zilienda vizuri, akanitazama kama kusema unaona sasa. Siku ya tatu mama akamkaribisha chai akamuuliza, "na wewe baba, kwenu wapi?" Alitoka akakaa kwenye gari dakika ishirini. Tangu hapo voisi zake kwenye grupu zimekuwa fupi, na hela inakuja tarehe moja bila kukumbushwa.

Sasa hivi ni saa kumi na moja na nusu jioni, nimeshawasha taa, karanga za jana bado zipo ila tutakwenda tu. Mama keshafunga kifurushi. Natafuta kiatu cha kushoto, safari hii kakificha kwenye friji.